Mimba yangu ya kwanza, miaka ya hamsini: kila mtu alijua pa kunipeleka isipokuwa mimi

Wakuu, kamwene.

Hiyo ni salamu ya kwetu Uheheni. Anayeijua aitikie huko chini, asiyeijua namsalimu hivyo hivyo.

Mimi humu ni mwanachama wa kusoma tu. Nasoma, nacheka, nasonya, nazima simu. Lakini juzi kuna binti kaweka uzi: ana mimba changa ya mwezi mmoja na kitu, anauliza aanzie wapi. Private au serikali? Dokta wa kike au wa kiume?

Nikasoma komenti zote. Mmoja kamwambia asubiri miezi mitatu ipite. Mwingine kamwambia awahi leo leo. Wa tatu anamuuzia dawa ya majani inbox. Mwishoni binti kaandika, "Jamani mmenichanganya zaidi ya nilivyokuja."

Nikacheka peke yangu. Halafu kicheko kikakata, maana kuchanganyikiwa kule mimi nakujua. Nilikupitia kabla ya uhuru, wakati hakuna ultrasound wala kipimo cha mkojo cha kununua dukani.

Basi nimeamua kuandika. Nitasema kama ilivyokuwa, na pale ambapo sikuelewa, na mpaka leo sielewi, nitasema sielewi. Sina dawa ya kuuza. Miwani yangu na kioo cha simu havipatani, makosa ya herufi mnivumilie.

Mimi ni mzaliwa wa Igowole, Mufindi. Nilisoma kwa masista mpaka nikajua kusoma, kuandika na kudarizi, na sijafika hata miaka ishirini nikaolewa.

Mume wangu, Ambilike, alikuwa Mnyakyusa, dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja wa Mbeya. Alikuja Mufindi kuchukua mbao, akarudi kuchukua mbao, akarudi tena hata mbao zilipokuwa zimekwisha. Mimi Mkatoliki, yeye Mprotestanti. Mimi Kihehe, yeye Kinyakyusa. Maneno yaliyosemwa kuhusu ndoa ile nayaacha, marehemu wengi.

Tulipanga chumba Mbeya mjini, nyumba ya vyumba vingi na ua mmoja, kila mwanamke na mafiga yake mlangoni. Nyumbani tuliongea Kiswahili kwa sababu hatukuwa na kingine cha kuongea. Chake kilikuwa cha barabarani, changu cha darasani. Tulielewana kwa upendo zaidi kuliko kwa sarufi.

Lori lake lilikuwa linakwenda Makongolosi, kule kwenye machimbo ya dhahabu, kupeleka unga, mafuta ya taa na vyuma. Kuna safari alinichukua, nikakaa naye huko wiki kadhaa. Nyie watoto wa Mufindi mnajua sisi wa baridi na joto hatupatani. Vumbi, jua, mbu.

Niliporudi Mbeya nilikuwa mgonjwa.

Nasema mgonjwa kwa sababu ndivyo nilivyojua. Mwili umechoka, kichwa kizito, chakula hakipiti. Harufu ya dizeli kwenye nguo za mume wangu, ambayo nilikuwa naipenda (mtacheka), sasa ikiingia tu mlangoni mimi natoka mbio kwenda nyuma ya nyumba. Siku zangu hazikuja. Lakini siku zangu hazikuwahi kuwa na adabu, zilikuja zikitaka. Hilo halikuniambia kitu.

Kila mtu alisema malaria. Umetoka Makongolosi, wewe ni malaria hiyo. Na mimi nikaamini malaria. Nikaenda duka la Mhindi nikanunua vidonge vya kwinini, nikavimeza. Vichungu mpaka leo nikikumbuka nameza mate.

Sasa hapo ndipo kuchanganyikiwa kulipoanza.

Jirani yangu alikuwa Mama Sekela, mama mtu mzima, mwenyeji wa pale, mwenye sauti ya kuamsha ua mzima. Asubuhi moja ananiangalia natapika, anaweka ndoo yake chini, anasema, "We binti, humo ndani mko wangapi?"

Nikajibu kwa heshima, "Niko peke yangu mama. Mwenzangu yuko safari."

Alicheka yule mama mpaka akakaa juu ya ndoo. Akaniuliza tena, "Nakuuliza humo ndani, mko wangapi?"

Nikageuka nikaangalia chumba changu. Wakuu, naapa niliangalia chumba. Nikasema, "Hakuna mgeni, mama."

Ndipo akaja akaniwekea kiganja tumboni, taratibu. Na mimi nikaelewa.

Kwetu mambo haya yalikuwa hayasemwi. Mama yangu hakuniambia lolote. Masista walitufundisha kudarizi msalaba, hawakutufundisha hilo. Nilijua mtoto anatoka kwa mwanamke, lakini mwanamke anajuaje kwamba mtoto ameshaingia, hilo hakuna aliyenipa.

Nikafurahi kwa muda wa kupumua mara moja. Halafu Mama Sekela akauliza, "Na homa ile ulikunywa nini?"

"Kwinini."

Uso wake ukabadilika. "Umekunywa kwinini? Mama yangu! Hiyo wenzio wanaitafuta ya kutolea mimba!"

Nilikaa chini pale pale. Kwa hiyo nina mtoto, na nimeshamuua? Au sina mtoto, ni malaria kweli? Au ninaye na bado yuko hai? Na nitajuaje? Nilimuuliza Mama Sekela yote matatu. Akasema, "Tutaona." Halafu akanionya nisimwambie mtu mpaka tumbo lionekane lenyewe, maana mimba changa ikitajwa husikiwa na wasiopenda. Na hospitali nisikanyage kwanza. Hospitali watu ni wengi, macho ni mengi.

Siku chache baadaye nikaona tone la damu. Dogo tu, halafu likakoma. Sikumwambia mtu. Ningesema nini, wakati sikujua kama ni siku zangu zimekuja vibaya au ni kitu kinaondoka?

Ambilike alirudi kutoka safari. Nikamwambia. Alifurahi mpaka akatoka nje akafungua boneti ya lori akaanza kufuta injini ambayo haikuwa chafu. Akarudi ndani akasema, "Kesho hospitali ya serikali. Mambo ya kubahatisha sitaki."

Nikaenda. Yeye alikuwa na safari, nilikwenda peke yangu.

Enzi zile hospitali ilikuwa na upande wa Wazungu, upande wa Wahindi, na upande wetu, na upande wetu ndio uliokuwa na foleni. Nikakaa kwenye benchi. Zamu yangu ilipofika, mezani alikuwepo baba mmoja mwenye mvi, mpole kabisa, umri wa baba mkwe wangu. Nyuma yangu wamesimama wanaume watu wazima wanasikia kila neno.

Akaniuliza, "Unaumwa nini, mwanangu?"

Mdomo ulifunguka, na kilichotoka ni: "Kichwa, baba."

Akanipa vidonge vya kichwa. Nikashukuru, nikaondoka. Yule baba hana kosa. Alitibu alichoambiwa.

Njiani nikafika mahali nikasimama, vidonge mkononi, nikawaza: sasa na hivi navyo nimeze au nisimeze? Nikavitupa kwenye mtaro. Halafu nikajuta, maana kichwa nacho kilikuwa kinauma kweli.

Mume wangu aliporudi akauliza dokta kasemaje. Nikamwambia kasema ni kichwa. Akaniuliza, "Mtoto yuko kwenye kichwa?"

Tulicheka wote wawili, nami nikaishia kulia.

Habari haikukaa kwetu. Mama mkwe wangu alituma neno kwa mtu wa basi: niende kwake Rungwe, mimba ya kwanza ya mwanawe ilindwe na watu wake. Haijapita wiki, dereva mwingine akaja na neno kutoka Igowole: mama yangu anasema mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa binti, nirudi nyumbani, mkunga yuko.

Ona sasa. Rungwe, Igowole, hospitali ya serikali, na Mama Sekela anayesema nikae kimya palepale Mbeya. Kila mmoja ana uhakika. Mimi ambaye tumbo ni langu ndiye pekee sina uhakika hata kama tumbo lina kitu.

Ambilike akaniuliza, "Wewe unataka wapi?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikasema Igowole, kwa sababu nilikuwa namtamani mama yangu. Sababu nyingine sikuwa nayo.

Nikapanda basi. Chimala, Igawa, Makambako, natapika dirishani mpaka kondakta akanipa kiti cha mbele kwa huruma au kwa kujilinda. Kutoka Mafinga nikapata lori la mashamba ya chai.

Mama yangu alinipokea kama yai. Akanikataza mayai pia, eti mtoto atazaliwa bila nywele. Akanipangia kila kitu. "Utajifungulia humu humu, kwa mikono ya Bibi Sekalinga, iliyokupokea wewe."

Nikathubutu kusema, "Mama, Ambilike anapenda hospitali."

Akaacha kupepeta. "Dada yako Fausta alikwenda hospitali. Amerudi?"

Hapo lazima niwaeleze. Fausta alikuwa dada yangu mkubwa. Alikufa akijifungua, nami nilikuwa bado mdogo kwa masista, niliitwa kwenye mazishi tu. Nilichojua ni kile mama alichokuwa anasema siku zote: Fausta alipelekwa hospitali kubwa Iringa akiwa anaongea, akarudishwa amefunikwa shuka. Yeye na mtoto. Kwa mama yangu hospitali ndiyo iliyomuua mwanawe, na mbele ya jambo hilo hakuna mtu aliyewahi kumjibu.

Nikachukua ndoo, nikaenda kuteka maji.

Bibi Sekalinga akaja kuniona mchana mmoja wa ukungu. Mwanamke mfupi, mkavu, mpenda ugoro. Nusu ya watu wa kijiji chetu walipita mikononi mwake. Akamtuma mama kuchemsha maji jikoni kule nyuma, akaufunga mlango.

Akanilaza, akanipapasa tumbo, akapapasa nyonga. Akanisimamisha. Akaangalia miguu yangu. Akaichukua mkononi mmoja mmoja kama mtu anayenunua viatu.

Akasema polepole, "Miguu ya Fausta hii."

Nikauliza, "Bibi, nina mimba?"

"Unayo."

"Nilikunywa kwinini."

"Sijui mambo ya kwinini." Akakaa kwenye kigoda, akavuta ugoro. "Mjukuu, usije kwangu. Siku yako ikifika, usiniite."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Mama anasema..."

"Najua anachosema. Fausta alikuwa mfupi kama wewe, nyonga kama hizi. Siku ya kwanza tu niliona mtoto hashuki. Nikasema apelekwe. Wakasema tungoje, mumewe hayupo wa kutoa ruhusa, wazee hawajakaa. Tukangoja. Siku ya pili tukangoja. Walipombeba kwenye machela kwenda barabarani, mimi nilikuwa najua. Hospitali walipewa maiti inayopumua." Akafuta pua. "Sitaki tena. Mikono yangu haitaki."

Mama akaingia na maji. Bibi Sekalinga akasema, "Mtoto yuko vizuri," akaenda zake.

Wakuu, usingizi ulinihama. Nyie mngemwamini nani? Mama yangu mzazi aliyemuona mwanawe anaondoka anaongea? Au bibi huyu mzee, ambaye labda anaogopa tu, ambaye labda anajisafisha? Na mambo ya miguu je? (Watu wa zamani walisema mguu mdogo, nyonga finyu. Nimesikia madaktari wa siku hizi wanasema mguu haukuambii mengi.) Na kama ni kweli, nitamwambiaje mama, kwamba yeye ndiye aliyengoja?

Nilizunguka na jambo lile siku nyingi. Nateka maji nalo, napika nalo, naungama kwa padre na silisemi.

Jumapili moja baada ya misa, badala ya kurudi na wenzangu, nikazunguka nyuma ya kanisa, kwenye zahanati ya masista. Nilikwenda kwa sababu ilikuwa karibu na kwa sababu miguu ilikwenda. Nisijisifu kwamba nilichagua. Sikuchagua.

Mlangoni alikuwa amesimama mwanamke Mwafrika, kijana, gauni jeupe, mkunga wa kusomea. Nesi Elina. Akasema, "Karibu mama."

Nikageuka nyuma kuangalia anamwita nani.

Akaniingiza, akafunga mlango, akakaa. Hakuniuliza naumwa nini. Aliuliza, "Unaogopa nini?"

Basi nilimwaga yote. Makongolosi, kwinini, tone la damu, vidonge vya kichwa, mayai, Fausta, Bibi Sekalinga, miguu. Sikuwahi kuongea mfululizo vile maishani mwangu. Alisikiliza mpaka mwisho.

Halafu akasema kitu ambacho hakuna mtu alikuwa ameniambia tangu mwanzo.

Alisema, "Sijui."

"Dalili zote ni za mimba, lakini mpaka mtoto acheze sitakuapia. Kwinini, sijui. Kama ilikuwa ya kuitoa mimba, labda ingekuwa imeshaitoa. Ile damu, huwa inatokea kwa wengine na wanajifungua salama, na kwa wengine sivyo. Sijui wewe ni yupi. Nyonga zako nitazipima vizuri ukikaribia, sasa hivi ningekuwa nakudanganya."

Nilipaswa kuchanganyikiwa zaidi, sivyo? Lakini nilihisi kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.

Akaendelea, na hapa alikuwa mkali: "Ninachokijua ni hiki. Ukiona damu tena, ukipata homa, kichwa kikikugonga mpaka macho yaone giza, uje. Usingoje ruhusa ya mtu. Dawa yoyote, hata ya mafua, uniulize kwanza. Na mayai ule, uache mambo hayo. Sisi hapa hatupasui. Kwa hiyo mwezi wa mwisho utakwenda kukaa mjini, karibu na hospitali kubwa. Una ndugu Iringa?"

Nilikuwa na shangazi Kihesa.

"Basi zungumza na mama yako sasa hivi, tumbo likiwa dogo. Siku ya uchungu hakuna anayesikilizana."

Nilirudi nyumbani nikamwambia mama nimekwenda kwa masista na nitajifungulia Iringa. Habari za Bibi Sekalinga sikuzigusa.

Mama hakupiga kelele. Aliacha kuongea na mimi. Kabisa. Akawa ananisemesha kupitia kuku. "Nyie kuku, kuna mtu hapa anataka kufuata njia ya dada yake." "Jogoo, mwambie aliyekaa hapo ugali uko tayari." Mnaweza kucheka sasa, mimi sikucheka. Nilikula ugali wa kuambiwa na jogoo na machozi yanadondokea kwenye mboga.

Siku moja ananisimanga hivyo uani, Bibi Sekalinga alikuwa anapita njiani na kibuyu chake cha ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi. Akasimama. Akasikiliza. Kisha akaingia uani, akaweka kibuyu chini.

Akamwambia mama yangu, "Acha kuku. Niambie mimi. Nilisema apelekwe au sikusema?"

Mama akabaki na ungo mkononi.

"Ulisema kwa sauti ndogo," alisema.

"Nilisema kwa sauti niliyokuwa nayo. Wazee walikuwa wamejaa humu ndani. Na wewe ulikuwa umemshika mkono."

Mama aliuweka ungo chini, akaingia ndani, akajifungia. Bibi Sekalinga alikaa na mimi uani hadi ukungu ukashuka, kisha akachukua kibuyu akaenda.

Mtoto alicheza wiki zile zile. Nilikuwa nachambua maharage. Nilidhani ni gesi, halafu nikajua si gesi. Nikakimbia kwa mama bila kukumbuka kwamba hatuongei. Naye akasahau. Akaweka mkono, akasubiri, akasema, "Huyu ana haraka kuliko baba yake." Kuku wakapumzika tangu siku hiyo.

Mwezi wa mwisho nikahamia Kihesa kwa shangazi. Mama alikuja na mimi. Hakusema amekubali. Alifunga tu mzigo wake akapanda lori kabla yangu.

Nesi Elina alikuwa amenipima, akasema nyonga ni finyu kidogo, mtoto anaweza kupita, anaweza asipite. Nikasema, "Kwa hiyo?" Akasema, "Kwa hiyo uwe karibu."

Uchungu ulinianza asubuhi. Tulikwenda hospitali kwa miguu, mimi, shangazi na mama, tunasimama njiani kila unaponikamata. Tulipofika getini mama akasimama. Akasema atangoja pale nje. Shangazi akataka kumvuta, nikamwambia mwache.

Sitawasimulia uchungu, wenye kuujua mnaujua. Mtoto alikawia. Nikasikia wanasema watayarishe chumba cha opereshini. Daktari akaja akanitazama, akaenda kunawa. Wakaleta kitanda cha magurudumu. Wakiwa wananihamishia, mtoto akaamua mwenyewe. Akatoka palepale, kati ya kitanda na kitanda, nesi akamdaka.

Msichana. Analia, na nywele kichwani tele.

Kwa hiyo wakuu, nani alikuwa sahihi? Sijui. Pengine ningejifungua salama hata Igowole. Pengine ningengoja ruhusa mpaka nikafa. Nimeishi na swali hilo miaka yote hii na halijawahi kunijibu. Nilizaa wengine baadaye, wote hospitali, na kila mara lilirudi.

Lakini kuna kitu niliona siku ile, ndicho hasa kilichonifanya nifungue uzi huu.

Mchana mama yangu aliingia wodini. Hakuja kwangu kwanza. Alikwenda kwa nesi aliyekuwa zamu, akamuuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mwanangu mwingine, yule wa zamani, alilala kitanda kipi?"

Nesi alikuwa binti mdogo, hakuwepo miaka ile. Akasema, "Samahani mama, sijui."

Mama akatembea katikati ya vitanda. Kwenye kona kulikuwa na kitanda kitupu. Akakaa juu yake. Akanyoosha shuka kwa kiganja, upande huu na upande huu, kama anavyotandikiwa mtu anayekuja kulala. Akakaa hapo, wodi nzima inamwangalia.

Halafu akainuka, akaja, akamchukua mjukuu wake.

Nilimwambia, "Mama, tumwite Fausta."

Akatikisa kichwa. "Hilo lina mwenyewe. Huyu mpeni lake."

Ambilike alipofika na lori lake akamwita Tusajigwe, kwa Kinyakyusa tumebarikiwa. Mama yangu hakuweza kulitamka vizuri mpaka anakufa.

Somo langu ni hili, lipokeeni au liacheni. Mtafute mapema mtu ambaye unaweza kumwambia kila kitu mlango ukiwa umefungwa. Akijua, akwambie. Asipojua, awe na ujasiri wa kusema sijui, na ajue ni wapi pa kukupeleka kitu kikimzidi. Mkunga, nesi, dokta bingwa, kwangu kipimo ni hicho. Usimeze kidonge hujauliza. Na yale mazungumzo ya nani ataamua nini siku ya uchungu, yamalizeni nyumbani wakati bado unaweza kukaa na kula ugali.

Bibi Sekalinga aliendelea kupokea watoto kijijini. Ila baada ya pale, akiona binti mfupi wa mimba ya kwanza, alikuwa anapaza sauti uani mpaka majirani wanasikia: "Huyu apelekwe!" Watu walisema amezeeka, amekuwa mkelele.

Nimemaliza, vidole vimechoka. Komenti nitazisoma zote na nitajibu taratibu. Mnikosoe, manesi na madaktari mliomo humu mnisahihishe. Lakini kila atakayeandika naomba anijibu na hili moja, kwa ukweli: kwenu, siku ya uchungu, neno la mwisho huwa la nani? Na mwenye tumbo huwa anaulizwa?